Vyombo vya mataifa mahasimu vinashikanaje angani? Apollo–Soyuz, ISS na Tiangong

Zuhura_7:
Wakuu, salaam. Upande wa siasa naufahamu: Nixon wa Marekani na Kosygin wa Umoja wa Kisovieti walitia saini mkataba Moscow tarehe 24 Mei 1972, na tarehe 17 Julai 1975 Thomas Stafford wa Apollo na Alexei Leonov wa Soyuz wakashikana mikono mlangoni. Ninachotafuta ni habari za vali na kulabu. Vyombo viwili vilivyoundwa na watu wasioaminiana, kila kimoja na hewa yake na mlango wake, viliunganishwaje bila kuua mtu?

1. Apollo ya Wamarekani ilikuwa na oksijeni tupu, Soyuz ya Wasovieti ina hewa ya kawaida. Mtu alipitaje kutoka huku kwenda kule?
2. Kwenye kuunganika, nani alikuwa "dume" na nani "jike"?
3. Kwenye ISS, kituo cha anga cha kimataifa, ni kweli upande mmoja (wa Marekani au wa Urusi) hauwezi kuishi bila mwingine?
4. Chombo cha Marekani kinaweza kwenda kuokoa watu kwenye Tiangong, kituo cha China, au kinyume chake?

Fundi_Vali:
Nachukua la kwanza. Apollo ikiwa angani ilikuwa na oksijeni kwa shinikizo la kilopaskali 34 hivi, yaani theluthi ya shinikizo la usawa wa bahari. Soyuz ilikuwa na naitrojeni na oksijeni kwa kilopaskali 101. Ukifungua mlango kati yao moja kwa moja, unapata matatizo matatu kwa mpigo: hewa inafumuka kuelekea Apollo, ambayo haikuundwa kwa shinikizo hilo, unaharibu hewa ya vyombo vyote viwili, na mtu anayetoka Soyuz anapata viputo vya naitrojeni mwilini, ugonjwa ule ule wa mpiga mbizi aliyepanda juu haraka.

Hilo la viputo lina hesabu rahisi. Kwenye hewa ya kawaida, naitrojeni peke yake inachangia kilopaskali 79 hivi, na mwili umeshaizoea. Ukimpeleka mtu huyo kwenye kilopaskali 34, uwiano ni 79 kwa 34, zaidi ya 2. Hapo lazima kwanza avute oksijeni tupu kwa saa kadhaa ili naitrojeni imtoke. Kwenye safari yenye ratiba ya kutembeleana mara kadhaa ndani ya siku mbili, saa hizo hazipo.

Kwa hiyo Wasovieti walikubali kushusha shinikizo la Soyuz hadi kilopaskali 69 hivi kabla ya kuunganika, huku oksijeni ikibaki ya kutosha. Tukadirie oksijeni ni 22. Naitrojeni inabaki 47. Uwiano na Apollo unashuka hadi 1.4 na ile subira ndefu inaondoka. Walifanyia jambo hili mazoezi halisi kwenye Soyuz 16, Desemba 1974, ambayo Wamarekani waliarifiwa ikiwa tayari imeshapaa.

Wamarekani kwa upande wao walitengeneza moduli ya kuunganishia: pipa la urefu wa mita 3.15 na uzito wa tani 2 hivi. Ilirushwa chini ya Apollo juu ya roketi ya Saturn IB. Huko juu Apollo ikageuka, ikaishika kwa pua na kuichomoa. Pipa hilo ndilo lilikuwa chumba cha kubadilishia hewa, na lilibeba akiba yake ya oksijeni na naitrojeni. Utaratibu wa kwenda Soyuz ulikuwa hivi:

Wamarekani wawili wanaingia ndani ya moduli na kufunga mlango wa nyuma yao, wa upande wa Apollo. Wanaongeza naitrojeni mpaka shinikizo lifikie la Soyuz. Wanafungua vali ndogo ya kusawazisha na kusoma geji. Geji ikitulia, ndipo mlango wa Soyuz unafunguliwa. Kurudi ni kinyume chake: unafunga mlango wa Soyuz, unatoa hewa nje, unasafisha kwa oksijeni, kisha unafungua upande wa Apollo. Sharti kuu: milango ya pande zote mbili haifunguliwi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kati ya vyombo kugusana na mikono kushikana zilipita saa tatu hivi.

Kuna jambo watu hulisahau: moto. Mrusi anayeingia kwenye chumba chenye oksijeni nyingi anaingia na nguo zake, karatasi zake na kamera yake. Baada ya moto wa Apollo 1 mwaka 1967, Wamarekani walikuwa wakali sana kwa kila kitambaa. Ikabidi Wasovieti watengeneze mavazi ya kitambaa kipya kisichoshika moto, na vifaa vya kupita mlangoni vikapimwa kimoja kimoja. Vitambaa vya nguo viliingia kwenye makubaliano ya mataifa makubwa mawili. Hilo halimo kwenye picha za magazeti.

Kulabu12:
La pili. Ubishi haukuwa uzushi, ila sababu yake kubwa ilikuwa ya kifundi kuliko ya heshima.

Zamani vyombo vyote viwili vilitumia fimbo na koni: mmoja anachomeka, mwingine anapokea. Ukiwa na fimbo mbili au koni mbili huunganiki, na fimbo ikivunjikia ndani ya koni inaziba njia ya kupita. Kwa uokoaji mfumo huo haufai, maana huwezi kujua mapema nani atamwokoa nani.

Wakakubaliana kutengeneza pete mbili zinazofanana. Kwa upande wa Wasovieti kiongozi alikuwa Vladimir Syromyatnikov, na kifaa kikaja kujulikana kama APAS-75. Kila pete ina ndimi tatu za kuongozea zilizochanua kwenda nje. Anayekaribia anaisukuma pete yake mbele. Huyo ndiye mtendaji. Mwenzake anairudisha yake ndani, huyo anapokea. Kesho wanabadilishana. Ndimi za huyu zinaingia kwenye nafasi za yule, makomeo madogo yanashika, vifyonza mshtuko vinameza mwendo uliobaki, kisha pete inavutwa ndani mpaka fremu mbili zigusane. Mwisho kulabu kubwa zinafunga na kubana mipira ya kuziba hewa. Kushika kwanza, kubana baadaye. Watu wengi hudhani ni tendo moja.

Na hapa ndipo ulipo ufundi wa kufanya kazi na mtu usiyemwamini: kila upande ulitengeneza pete yake kwa njia yake. Wasovieti walitumia gia na breki za umeme kufyonza mshtuko, Wamarekani wakatumia silinda za mafuta. Hawakulazimika kuoneshana ndani. Walichokubaliana ni uso unaogusana: kipenyo, pembe za ndimi, mahali pa makomeo, kasi ya juu ya kukaribia, na hitilafu ya pembe inayovumilika. Hayo yaliandikwa kwa Kiingereza na Kirusi, na pande zote zikatia saini kila karatasi. Kabla ya kutengeneza za ukubwa kamili, walileta mifano midogo na kuijaribu pamoja.

Tarehe 19 Julai walirudia kuunganika, safari hii Soyuz ikiwa mtendaji. Baada ya kugusana, mwanaanga Slayton upande wa Apollo aliwasha injini ndogo za pembeni bila kukusudia, vyombo vikayumba huku vikiwa vimeshikwa na makomeo tu. Pete ilimeza mtikisiko huo. Jaribio hilo la bahati mbaya ndilo lililoithibitishia dunia kwamba kifaa ni kizuri.

NyotaMkia:
Niongeze la lugha, maana linahusiana na usalama. Walikubaliana kila mmoja aongee lugha ya mwenzake: Mmarekani Kirusi, Mrusi Kiingereza. Mgeni anayeongea lugha yako huongea polepole, kwa maneno machache, nawe unamwelewa. Mwenyeji wa lugha humwaga maneno kama mvua. Leonov alitania kwamba zilitumika lugha tatu: Kirusi, Kiingereza na "Oklahomski", kwa lafudhi ya Stafford.

Ajabu ni kwamba hatari kubwa ya safari nzima haikutokana na muungano. Apollo ilipokuwa inashuka tarehe 24 Julai, swichi za mfumo wa kutua hazikuwekwa kwenye hali ya kujiendesha kwa wakati wake. Miamvuli midogo ikafunguliwa kwa mkono, lakini injini ndogo za kuongozea zikaendelea kuwaka kupinga mayumbo. Wakati huo huo vali ya kuingiza hewa ya nje ilishafunguka. Gesi ya kioksidishaji cha injini ikavutwa moja kwa moja ndani. Vance Brand, mwanaanga wa tatu wa Apollo, alizimia, Stafford akamvisha barakoa ya oksijeni. Wote watatu walipona baada ya matibabu.

Zuhura_7:
Asanteni sana. Swali dogo kwa Kulabu12: pete hiyo ilikufa na mradi?

Kulabu12:
Haikufa. Toleo la APAS-89 lilikuwa na ndimi zilizogeuzwa kuelekea ndani, na ndilo liliiunganisha Atlantis, chombo cha Marekani, na Mir, kituo cha anga cha Warusi, mwishoni mwa Juni 1995. Kilichotengenezwa kwa ajili ya chombo cha Kisovieti cha Buran kikaja kutumiwa na Wamarekani. APAS-95 ikafuata kwa ISS. Leo kuna kiwango cha kimataifa, IDSS, chenye jozi 12 za kulabu kubwa, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ila usichanganye: pete ya Dragon, chombo cha leo cha Wamarekani, haishikani na APAS-95. Ndiyo maana ISS iliongezewa adapta mbili, moja mwaka 2016 na nyingine 2019. Ya kwanza kabisa iliteketea na roketi mwaka 2015, na hiyo peke yake iliivuruga ratiba.

Mzingo51:
Sasa la tatu. Jibu fupi: ndiyo, na halikutokea kwa bahati.

Umeme: upande wa Marekani una mabawa makubwa ya sola na unagawa volti 120 za mkondo mnyoofu. Upande wa Urusi unatumia volti 28. Kati yao kuna vigeuzi maalumu vinavyoshusha au kupandisha, na sehemu kubwa ya umeme wa Warusi hutoka kwa Wamarekani.

Mwelekeo: Wamarekani wana jairoskopu 4 kubwa. Kila gurudumu lina kilo 98 hivi na huzunguka mara 6,600 kwa dakika. Zinageuza kituo bila kuchoma mafuta, lakini zina kikomo. Misukumo midogo ya hewa nyembamba na ya mvutano ikijikusanya upande mmoja, jairoskopu "zinashiba" na haziwezi kupinga tena. Hapo injini za upande wa Urusi zinawashwa ili kuzitua mzigo.

Kimo: kituo kiko kilomita 400 hivi juu na hushuka kidogo kidogo. Kazi ya kukiinua imefanywa zaidi na Progress, chombo cha mizigo cha Urusi, na Zvezda, moduli ya Urusi kituoni. Cygnus, chombo cha mizigo cha Marekani, ilionesha Juni 2022 kwamba inaweza kuinua, na Dragon ikafanya hivyo Novemba 2024. Kwa hiyo utegemezi umepungua, ila haujaisha.

Ukitaka kuona mgawanyo huo ukifanya kazi chini ya presha, angalia tarehe 29 Julai 2021. Moduli ya Nauka ya Urusi, saa chache baada ya kuunganika, iliwasha injini zake yenyewe kwa hitilafu ya programu. Jairoskopu hazikuweza kupinga. Houston ilipoteza udhibiti wa mwelekeo, Moscow ikawasha injini za Zvezda kwanza, kisha za Progress, zipigane na Nauka. Kuizima Nauka kwa amri ya haraka haikuwezekana kwa sababu kituo hakikuwa juu ya antena za Urusi. Mwanzoni ilisemwa kituo kiligeuka nyuzi 45. Baadaye ikabainika ni takriban 540, mzunguko mmoja na nusu. Vyumba viwili vya udhibiti, lugha mbili, na lazima nani anashika usukani kijulikane kila sekunde.

Hata mwinamo wa obiti (pembe kati ya njia ya kituo na ikweta), nyuzi 51.6, ni wa maafikiano. Baikonur, wanakorushia Warusi, iko latitudo ya nyuzi 46 hivi. Ukirusha mashariki moja kwa moja, mabaki ya roketi yanaelekea China. Kwa hiyo wanarusha kaskazini kidogo, na roketi za Florida nazo zinapoteza uwezo wa kubeba ili zifike huko.

Fundi_Vali:
Nakazia moja ya Mir. Tarehe 25 Juni 1997 Progress M-34 iliigonga moduli ya Spektr wakati wa jaribio la kuiongoza kwa mkono. Hewa ikaanza kuvuja. Spektr ingefungwa mara moja, lakini nyaya zilikuwa zimepitishwa mlangoni. Walizichomoa, nyingine wakazikata, ndipo kifuniko kikakaa. Mmoja wa watatu waliokuwemo alikuwa Mmarekani, Michael Foale. Ukiona leo wanasisitiza viunganishi vya kuchomoa kwa haraka kila nyaya inapovuka mlango, ujue kisa hicho kimo kwenye hesabu.

Mzingo51:
Kabla ya China, tuzungumzie viti, maana ndipo ushirikiano wa leo ulipo hasa. Tangu 2022 Marekani na Urusi hubadilishana viti bila pesa: Mmarekani mmoja kwenye Soyuz, Mrusi mmoja kwenye Dragon. Lengo si urafiki. Chombo kimoja kikilazimika kurudi ghafla, kituo kisibaki na Warusi peke yao au Wamarekani peke yao, kwa sababu hizo alizouliza mwanzisha mada.

Mpango ulipimwa haraka. Mmarekani Frank Rubio alipanda na Soyuz MS-22 Septemba 2022. Tarehe 14 Desemba bomba la radieta lilitoboka tundu dogo lisilofika milimita moja, na kipozeo chote kikamwagika. Bila kipozeo, kibanda chenye watu watatu na kompyuta zinazofanya kazi kingepata joto na unyevu wa hatari wakati wa kurudi. Watu wangedhani jibu ni kumhamishia Rubio kwenye Dragon, basi. Tatizo ni kiti.

Kiti cha Soyuz kina ganda lililofinyangwa kwa umbo la mgongo wa mtu mmoja. Mtu hulazwa kwenye plasta laini, alama yake ikachongwa, na kichwani huachwa nafasi kwa sababu angani uti wa mgongo hurefuka sentimita kadhaa. Soyuz inatua kwa kishindo: vijiroketi vinawaka chini ya mita moja kutoka ardhini na kiti chenyewe huinuka kabla ili kufyonza pigo. Bila ganda lako, mgongo unabeba pigo lote. Kwa hiyo Januari 2023 walilibeba ganda la Rubio na kulifunga kwa mikanda ndani ya Dragon, sakafuni, kwa dharura tu. Soyuz MS-23 ilipofika tupu mwishoni mwa Februari, ganda likahamia huko. Alikaa siku 371 badala ya miezi sita.

Moduli za Wamarekani na Warusi zimeungana tangu 1998, na bado Sokol, suti inayovaliwa ndani ya Soyuz, haichomeki kwenye mabomba ya Dragon.

NyotaMkia:
La nne basi. Sheria kwanza, kwa ufupi. Mkataba wa Anga wa 1967 unataka wanaanga wasaidiane. Sheria ya Marekani ya 2011, inayoitwa kwa jina la mbunge Wolf, inaizuia NASA kutumia fedha kushirikiana na China ana kwa ana bila kibali maalumu. Haikatazi mikutano ya mataifa mengi. Kwenye dharura ya kweli karatasi zingepatikana. Fizikia haina kibali.

Tiangong iko mwinamo wa nyuzi 41.5. Ukiwa ISS, nyuzi 51.6, kwenda Tiangong ni kugeuza njia kwa nyuzi 10 ukiwa kwenye kasi ya kilomita 7.66 kwa sekunde. Mara mbili ya 7.66 mara sine ya nyuzi 5.05 inakupa kilomita 1.35 kwa sekunde, na hapo tumechukulia njia mbili zinakatana pazuri. Soyuz, Shenzhou ya China na Dragon hazina mafuta ya kutosha kwa hiyo. Kwa hiyo sahau kuhama kutoka kituo hadi kituo.

Uokoaji ungetoka ardhini. Florida iko latitudo 28.5, inafika nyuzi 41.5 bila shida. Jiuquan, wanakorushia Wachina, iko 41, inafika zote mbili. Baikonur ndiyo imekwama: huwezi kurusha moja kwa moja kwenye mwinamo ulio chini ya latitudo yako, lazima roketi ipinde njiani na kulipa mafuta. Soyuz ya Baikonur kwenda Tiangong si kazi ya dharura.

Ukishafika, pete. Ya China ni ya ukoo wa APAS. Ya Dragon ni IDSS. Hazishikani.

Zuhura_7:
Kwa hiyo unafika, mnatazamana dirishani, basi?

Kulabu12:
Siyo lazima. Januari 1969 Yeliseyev na Khrunov walihama kutoka Soyuz 5 kwenda Soyuz 4 kwa kupita nje, kwa sababu fimbo na koni za wakati ule hazikuwa na njia ya ndani. Moduli ya mbele ya Soyuz ilikuwa chumba cha kutolea hewa.

Shenzhou ina moduli kama hiyo. Mwaka 2008 Zhai Zhigang alitokea humo kwenye Shenzhou 7, yeye na suti ya Kichina ya Feitian, msaidizi wake Liu Boming na Orlan ya Kirusi. Dragon haina chumba hicho. Safari ya Dragon iitwayo Polaris Dawn, Septemba 2024, ilibidi imwage hewa ya kibanda kizima na wote wanne wavae suti. Inawezekana, ila hesabu ya akiba ya hewa ni kali: kila ukimwaga kibanda, unakijaza tena kwa matangi yako mwenyewe, na wageni uliowachukua wanahitaji suti zinazokubali mabomba yako. Kiunganishi hicho kidogo cha bomba ndicho ambacho hadi leo hakina kiwango cha pamoja kama pete ilivyo nacho.